Kivuli cha Pili cha Roida

Waya uliingia kwenye paja la mwanangu, ukapanda tumboni, ukafika moyoni, na mimi nimesimama nyuma ya kioo natazama. Treni ya Mioyo, hospitali ya moyo inayotembea kwa reli, inaruhusu mzazi mmoja kutazama. Mke wangu Tusajigwe alikataa, akabaki behewa la kusubiria na sweta la Roida mapajani. Mimi nilitaka kuona. Kitu kikiingia kwenye mwili wa mwanangu nataka nijue kimepita wapi.

Treni ilikuwa imesimama stesheni ya Makambako tangu Jumapili, mabehewa meupe pee, na upepo wa pale ukiyapiga ubavuni mpaka yanalia. Kesho yake ilikuwa inaondoka kuelekea Zambia, na mpaka irudi ungepita mwaka na zaidi. Sisi tulitoka Kitulo, juu kabisa, ambako mimi ni fundi wa pampu za maji. Roida ana miaka sita. Alizaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Akikimbiza kuku hatua chache, anachuchumaa, na midomo inakuwa rangi ya wino.

Aliyeshika waya alikuwa Dk. Ghati, mwanamke wa Tarime, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Kila waya uliposimama mahali, alivuta damu kidogo na mashine ikatamka kwa sauti: presha kiasi hiki, oksijeni kiasi hiki. Kwenye kioo palikuwa na kipaza sauti cha mzazi. Nadhani kiliwekwa ili watu waseme sala. Mimi nilikitumia kuuliza.

Damu inayorudi kutoka mwilini ilikuwa na oksijeni sabini katika mia. Hiyo nilielewa, imeshatumika, imechoka. Lakini kwenye mshipa unaokwenda mapafuni mashine ikasema themanini na mbili. Nikauliza imepandaje wakati haijafika mapafuni bado.

Dk. Ghati hakugeuka. Alisema damu safi ya upande wa kushoto inavuja kupitia tundu na kuchanganyika na hiyo. Basi nikatulia. Waya ukaenda upande wa kushoto. Damu iliyotoka mapafuni ilikuwa tisini na sita, ila ile inayokwenda mwilini ilikuwa tisini na moja.

"Na hapa imeshuka," nikasema. "Kwa hiyo nyingine inavuja kinyume?"

Safari hii aligeuka akaniangalia. "Inavuja njia zote mbili, Baba Roida. Inategemea nani anasukuma zaidi kwa wakati huo."

Sikuwahi kuona bomba linalovuja njia mbili. Nikasogea karibu zaidi na kioo.

Hapo ndipo alipofungua kabati la chini na kutoa kitu kama kawa kubwa ya kufunikia chakula, ila ya kioo, yenye mpira mrefu. Akamfunika nayo Roida kichwa chote, na mtoto amelala usingizi wa dawa. Nesi aliyekuwa naye, kijana anaitwa Faraji, alitazama mlango kwanza, halafu akamwambia daktari kwamba kitu hicho hakimo kwenye utaratibu.

"Najua," alisema Dk. Ghati. "Wewe shika mpira usijikunje."

Wakakaa hivyo, mwanangu anapumua ndani ya kioo, na ile pumzi inapita kwenye mpira kwenda kwenye kisanduku kilichofutwa jina la kiwanda. Nikauliza ni nini. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

*

Sheria inasema hakuna mzazi anayeweka dole gumba la kukubali upasuaji kabla ya kuona kivuli, yaani moyo wa mwanawe utakavyokuwa miaka ijayo. Mwisho wake uwe mzuri au mbaya, unakaa pale mpaka uuone.

Chumba cha vivuli kilikuwa behewa la nne. Katikati kuna tangi la kioo, ndani yake maji mazito yanayovutika kama mlenda. Faraji aliingiza vipimo vya Roida, na ndani ya yale maji kukaanza kuwaka kitu chekundu, kidogo kama ngumi ya mtoto. Kikapiga mara moja. Kikasimama kama kinafikiri. Halafu kikaanza kupiga mfululizo, na tundu lake unaliona, na damu ya bluu na nyekundu zinapishana pale kama watu mlangoni.

Tusajigwe alinishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono mbele za watu tangu tuoane.

Dk. Ghati aliziba tundu la kile kivuli kwa kugusa tu kioo, halafu akazungusha gurudumu la miaka. Moyo ukaanza kukua mbele yetu. Miaka saba, minane. Ilipofika kumi nikajua sasa mwanangu yuko darasa la nne. Moyo ulipiga bila kuyumba, damu nyekundu upande wake na bluu upande wake, kila moja na njia yake. Ilipopita miaka kumi tangu upasuaji, kengele ikalia. Hicho ndicho kipimo cha sheria. Kivuli kikiishi miaka kumi, mtoto anapasuliwa.

Mke wangu alilia kwa sauti bila aibu. Akaenda kwenye kibao cha dole gumba akabonyeza kabla hajaulizwa. Alimwambia Dk. Ghati kwamba tangu Roida anazaliwa hajawahi kulala usingizi wa kushiba, na leo atalala hapo hapo stesheni hata kwenye zege.

Nilinyanyua mkono wangu na mimi. Dk. Ghati akasema kibao kitasubiri, ananihitaji kidogo kuhusu damu ya kuchangia. Mama aende akakae na mtoto, anakaribia kuamka.

Hakukuwa na habari ya damu ya kuchangia. Tusajigwe alipotoka tu, alifunga mlango kwa komeo.

*

Alianza kwa kuniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimeelewa kwa nini wanaziba tundu.

Nikasema hilo ni jepesi. Pampu ikisukuma kwenye bomba linalovuja, inachoka bure. Unaziba panapovuja, pampu inapumzika.

"Umekosea," alisema. "Na ni kosa ambalo karibu kila mtu analo, hata niliosoma nao. Bomba la mbele likiwa limebanana, halafu ukaziba pale panapovuja, kinapasuka nini?"

Nilifikiri kidogo. "Pampu."

"Basi. Pampu yako ikiungua unaagiza nyingine."

Akaniambia mapafu ya Roida yamepigwa na damu yenye presha kubwa tangu azaliwe, na mishipa yake imeanza kukakamaa. Ikikakamaa sana, lile tundu linageuka kuwa mlango wa dharura. Upande wa kulia ukizidiwa, unapumulia pale. Ndiyo ile damu niliyoiona inavuja kinyume. Ukiuziba mlango huo kwa mtoto ambaye mapafu yamekataa, anaondoka hospitali mzima, midomo myekundu, wazazi wanapiga picha, halafu moyo unashindwa pole pole.

Kwa hiyo swali lote ni moja, alisema: mapafu yanakataa damu kwa kiasi gani. Huko kukataa wanakuita ukinzani. Na ukinzani hauna waya wa kuupima. Unaupata kwa kugawanya. Presha inayosukuma, gawanya kwa damu inayopita.

"Presha mmepima," nikasema. "Nimeisikia."

"Presha nimeipima. Damu inayopita sijaipima. Hakuna anayeipima kwenye treni hii."

Nilimwomba aseme tena taratibu. Alitazama dirishani. Ng'ambo ya reli watu walikuwa wanapakia viazi.

Akasema nichukulie soko. Sijui ni malori mangapi yameingia leo, sikuwepo. Lakini nikiambiwa soko limemaliza magunia mia na themanini, na kila lori lilishusha ishirini na nane, nitajua yameingia malori sita na kidogo. Damu ni lori. Oksijeni ni magunia. Kila lori lilishusha mangapi, hilo waya umetuambia. Lakini soko limekula mangapi, yaani mwili wa Roida unatumia oksijeni kiasi gani kwa dakika, hilo sheria inasema lisomwe kwenye jedwali. Mtoto wa umri huu, kimo hiki, moyo unapiga hivi, anakula mia na themanini.

"Jedwali lilitengenezwa kwa watoto gani?"

"Wa mjini. Wengi wa pwani. Na wengi walikuwa macho wanatazama katuni."

Nikaelewa kawa ya kioo ni ya nini. Nikamuuliza Roida anakula ngapi.

"Mia na thelathini."

Nilipiga hesabu kwa vidole na nikakosea, akanisaidia. Malori manne na nusu. Presha ile ile, malori machache. Barabara ni mbovu kuliko tulivyodhani. Kwa jedwali ukinzani wa Roida ni saba na nukta sita. Kwa pumzi yake mwenyewe ni kumi na nusu. Mpaka wa sheria ni nane, ukizidi hapo mtoto hapasuliwi.

Aliingiza mia na thelathini kwenye mashine, na kwenye lile tangi kikawaka kivuli cha pili.

Kilikuwa moyo ule ule. Ningekuwa sijaambiwa nisingeona tofauti. Akaliziba tundu, akazungusha gurudumu. Mwaka wa kwanza kilipiga vizuri, nikaanza kutumaini kwamba mashine itakataa maneno yake. Mwaka wa pili upande wa kulia ulianza kuvimba. Ulikuwa unasukuma, unasukuma, na hakuna pa kupumulia. Nilijikuta nakiambia, "Polepole, polepole," kama unavyosema na ng'ombe anayezaa vibaya. Kabla ya mwaka wa nne ule mwekundu ulitetemeka badala ya kupiga, ukawa kama nyama inayochemka, ukazimika. Yale maji yakabaki meupe.

Nilikaa chini. Hakuniwekea mkono begani wala kuniambia pole, na nilishukuru.

Nikauliza kwa nini sheria inakubali jedwali wakati kawa ipo. Nilitarajia aseme uvivu, au watu wamekula pesa. Akasema ni kinyume. Zamani, Baraza la Vivuli lilipoanza, kila mtoto alipimwa pumzi. Wakubwa wakawa wanapimisha watoto wao mara tano, sita, leo amelia, kesho amelala, wanachagua kipimo kinachowapa nafasi, na mtoto wa mkulima aliyepimwa mara moja anarudishwa nyumbani. Ndipo Baraza likasema jedwali moja kwa wote, mtoto wa waziri na wa mchunga kondoo. Watu waliandamana barabarani kuidai sheria hiyo. Baba yake mwenyewe aliandamana.

"Na ni sheria nzuri," alisema. "Hilo ndilo linanisumbua. Inawapa watu wote haki sawa, ila haimjui Roida."

"Wangapi wamepita kwa jedwali kabla hujaleta hiyo kawa?"

Alifuta kioo cha tangi kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Sijui," akasema. "Nimeanza safari hii. Nilitaka tu kuona tofauti ni kubwa kiasi gani. Nilidhani itakuwa ndogo."

Akaniambia mambo yalivyo. Kivuli cha pili hakipo kisheria. Hawezi kukiandika, na akikitaja atashushwa stesheni inayofuata. Sheria imeshasema ndiyo, na mama ameshaweka dole. Kilichobaki ni dole langu. Nikiweka, Roida anaingia chumba cha mikono, kule wanakopasulia, saa nane. Nikikataa, jina lake linakwenda mwisho wa foleni, na siwezi kusema kwa nini.

Nikauliza kama kuna njia ya tatu. Alisema alimpa Roida oksijeni tupu pale mezani, na mapafu yalilegea kidogo. Hayajawa viziwi. Kitulo hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inakaza mishipa hiyo hiyo. Akikaa chini, kwenye hewa nzito, na vidonge kila siku, labda yatalegea zaidi. Treni ikirudi apimwe upya. Labda.

"Labda kiasi gani?"

"Sijui, Baba Roida. Ningejua ningekwambia."

*

Tusajigwe nilimkuta kwenye korido ya behewa la kusubiria, anakunywa chai. Nilimweleza yote, malori na magunia. Sikuficha kitu, maana sina kipaji cha kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kikombe chini.

Alisema mengi, na kwa haki yake. Alisema ameona kwa macho yake mtoto anafika miaka kumi na sita. Alisema mimi nikiona mashine ya mtu nasahau kilichonileta, na kwamba nimekwenda kuuliza uliza mpaka nimepata jibu baya. Kama ningekaa kimya kama wanaume wengine tungekuwa tumeshamaliza. Alisema serikali nzima imesema ndiyo, na mwanamke mmoja mwenye kawa ya kufunikia ugali amesema hapana, na mimi nimemchagua huyo.

Nikamwambia kile cha kwanza si Roida. Ni mtoto wa kwenye jedwali.

"Na hicho cha pili ni Roida? Maji yale ni mwanangu? Sanga, mwanangu yuko kule ndani ameomba mkate."

Nilimwambia tu kwamba dole langu siliweki mpaka na yeye akione cha pili. Akisema tena ndiyo baada ya kukiona, nitaweka.

"Hiyo ni kunitisha."

"Ndiyo."

Alitazama upepo unavyokimbiza mifuko ya plastiki kwenye reli. Kisha akanitangulia behewa la nne.

Dk. Ghati alipomwona hakuuliza. Alifunga mlango, akawasha. Nilimtazama mke wangu, sikutazama tangi. Nilijua wapi panaanza kuvimba kwa jinsi alivyouma kanga. Kilipozimika hakulia. Aliinama akachungulia ndani ya yale maji meupe, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

Halafu akauliza kitu ambacho mimi, pamoja na kuuliza kwangu kote, sikukifikiria.

"Nionyeshe asipofanywa chochote."

Daktari alisita. Alisema kivuli hicho huwa hakionyeshwi, kinawavunja watu moyo. Tusajigwe akamwambia moyo wake umeshavunjwa mara mbili tangu asubuhi, mara ya tatu haitamuua.

Kikawaka cha tatu, kwa mia na thelathini zake, na tundu wazi. Kilikuwa kibaya kukitazama. Bluu na nyekundu zilichanganyika mpaka zikawa rangi ya zambarau. Kiliyumba, kilipiga mbili haraka na moja taratibu, kilivuja huku, kikavuja kule. Miaka saba. Minane. Mwaka ambao cha pili kilikufa, hiki kikapita bila hata kujua. Kumi na mbili. Kumi na tano. Tusajigwe alivuta kiti akakaa, akaweka viwiko kwenye magoti, kama anavyokaa akisubiri chungu cha maharage.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Faraji, amembeba Roida kwenye blanketi, anasema mtoto amekataa kulala bila mama. Dk. Ghati alinyoosha mkono kuzima, Tusajigwe akaushika mkono huo hewani.

Roida alikitazama kile kitu bado ana usingizi machoni. "Ni cha nani?"

"Chako," alisema mama yake, akimpokea. "Ndio moyo wako ukiwa mkubwa."

"Una miaka mingapi?"

Mama yake alimtazama daktari. Daktari akasoma kwenye gurudumu. "Kumi na tisa."

Roida akacheka kidogo, akajificha kwenye kanga. Kumi na tisa ni umri wa mwalimu wake. Kisha akachungulia tena. "Mbona unachechemea?"

"Unatembea hivyo," alisema Tusajigwe. "Lakini unatembea."

Aliniita bila kugeuka. Aliniambia dada yake wa Matema ana chumba cha nyuma, kule ziwani joto linakera lakini hewa ni nzito, na mimi nitafute huko pampu za kutengeneza, maana nyumba ya kazi ya Kitulo wataichukua tukihama. Aliniambia treni ikirudi tutakuwa wa kwanza kufika stesheni, foleni iwe ndefu vipi, na mtoto atapimwa pumzi yake, siyo ya mtu mwingine, hata kama itabidi tulale kwenye reli. Hilo la mwisho alilisema akimwangalia Dk. Ghati usoni. Dk. Ghati aliitikia kwa kichwa, akafungua mlango wazi kabisa, na kawa yake ya kioo akaiweka juu ya meza ambapo kila anayepita angeiona.

Nilikwenda kwenye kibao nikabonyeza upande wa kukataa. Mashine ikauliza sababu. Nikasema sina. Ikaandika hivyo.

Nje kwenye korido wazazi wengine walikuwa wanasubiri zamu yao, mmoja anakohoa kwa makusudi ili tumsikie. Gurudumu lilikuwa limefika ishirini na mbili. Faraji akauliza kama azime.

"Acha," alisema mke wangu. "Acha kidogo aendelee."